Doria ya Baiskeli Isidharauliwe

Kazi ya kwanza ya jeshi lolote la polisi ni kuzuia uhalifu kabla haujatendeka. Kumsaka mhalifu, kumkamata na kumfikisha mbele ya hakimu ni kazi ya lazima, lakini kazi hiyo huanza wakati mwananchi amekwisha kuumia. Mjane aliyevunjiwa kibanda chake cha biashara harudishiwi mtaji wake na hukumu ya kifungo, na mwanafunzi aliyeporwa njiani jioni ataendelea kuiogopa njia ile hata kama mwizi wake yuko gerezani. Kwa sababu hiyo doria ni nguzo ya usalama wa raia, na kila uamuzi unaohusu namna ya kuifanya unastahili kupimwa kwa makini.

Miongoni mwa maamuzi hayo limo moja ambalo aghalabu hupitishwa bila mjadala, nalo ni lile la chombo anachopewa askari wa doria. Jibu la mazoea limekuwa gari. Panapotajwa upungufu wa usalama katika mkutano wa hadhara, ombi linalosikika ni gari la polisi. Na gari likiisha kupatikana, malalamiko yanayofuata ni kwamba halina mafuta, au limeharibika, au limetumwa kwingine. Wakati huo huo askari vijana wenye afya njema huketi kituoni wakingojea usafiri, huku mitaa iliyo umbali wa kilomita mbili tu ikilala bila kuonwa na mlinzi yeyote.

Kipo chombo kingine ambacho hakingojei mafuta. Walimu, mabwana shamba, matarishi na waganga wa zahanati walikitegemea kwa miaka mingi, wakivuka mabonde na mashamba kwa baiskeli za Raleigh, Phoenix na Swala ili kuwafikia wananchi waliowatumikia. Hapana aliyewadharau kwa hilo. Ni ajabu basi kwamba mtu akipendekeza leo baiskeli itumike katika doria ya polisi, wapo watakaocheka na kuona kuwa pendekezo hilo ni la kurudi nyuma. Historia ya kazi ya polisi duniani inawajibu watu hao waziwazi.

Sir Robert Peel alipounda jeshi la polisi la London mwaka 1829, askari wake walikwenda kwa miguu, kila mmoja akiwa na eneo lake la kuzungukia. Baiskeli ilipoenea mwishoni mwa karne ya 19, majeshi ya polisi yalikuwa miongoni mwa waliotambua mapema manufaa yake. Mjini New York kikosi cha askari wa baiskeli kiliundwa mwaka 1895, wakati Theodore Roosevelt, aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, alipokuwa mkuu wa bodi iliyosimamia polisi wa mji huo. Kazi yao ilikuwa kuwazuia farasi walioponyoka na kuwakamata waendeshaji waliohatarisha maisha ya wapita njia. Mwezi Mei mwaka 1899 askari mmoja wa kikosi hicho alimfukuza na kumkamata dereva wa teksi ya umeme aliyekuwa akienda maili 12 kwa saa. Hiyo hutajwa kuwa mara ya kwanza nchini Marekani mtu kukamatwa kwa kuendesha gari kwa kasi kupita kiasi, na aliyemkamata alikuwa juu ya baiskeli.

Katika mji wa Berkeley, jimbo la California, August Vollmer alichaguliwa kuwa mkuu wa polisi mwaka 1905. Alikuta askari wachache wenye eneo kubwa, akawapandisha baiskeli. Hakuishia hapo. Alitundika taa za ishara juu ya barabara, ili askari aliye doriani akiiona taa inawaka ajue kuwa anatakiwa kupiga simu kituoni. Vollmer alifahamu mapema jambo ambalo wengi wamelisahau: chombo cha usafiri kina faida kamili pale tu kinapoandamana na chombo cha mawasiliano.

Baadaye gari na simu ya upepo vilibadili kazi ya polisi. Askari mmoja aliweza kulizunguka eneo lililohitaji watu wengi, na mwananchi aliyepiga simu aliweza kufikiwa haraka. Faida hizo ni za kweli na hazifai kubezwa. Nchini Uingereza, Wizara ya Mambo ya Ndani ilihimiza mwaka 1967 utaratibu mpya ambao askari wengi wa mitaa waliondolewa miguuni na juu ya baiskeli wakawekwa ndani ya magari madogo. Lakini kwa kadiri gari lilivyozidi kutumika, ndivyo askari alivyozidi kuwa mgeni katika mtaa anaoulinda. Alikuja wakati wa ugomvi, akaondoka ugomvi ulipokwisha. Watu aliowafahamu ni wale aliowakamata, na watu waliomfahamu ni wale waliokamatwa. Baada ya ghasia za Brixton mjini London mwaka 1981, Lord Scarman aliyeongoza uchunguzi aliitaja hali ya polisi na wakazi kupoteza kuaminiana kuwa miongoni mwa mambo yaliyohitaji kurekebishwa, akahimiza polisi wafanye kazi kwa kushauriana na jamii.

Je, doria ya gari yenyewe hupunguza uhalifu kwa kiasi kinachodhaniwa? Swali hilo lilipimwa katika mji wa Kansas City, Marekani, kuanzia mwaka 1972 hadi 1973. Maeneo 15 ya doria yaligawanywa katika mafungu matatu. Katika fungu la kwanza doria ya kawaida iliondolewa, magari yakaenda kule yalikoitwa tu. Katika fungu la pili doria iliongezwa mara mbili hadi mara tatu. Na katika fungu la tatu iliachwa kama ilivyokuwa. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1974 yaliwashangaza wengi. Hapakuonekana tofauti ya maana katika wingi wa uhalifu, wala katika hofu ya wananchi. Zaidi ya hayo, wakazi kwa jumla hawakutambua hata kwamba doria katika eneo lao ilikuwa imepunguzwa au kuongezwa.

Fundisho la Kansas City si kwamba polisi hawana kazi. Fundisho lake ni kwamba gari linalopita barabarani, vioo vikiwa vimefungwa, halimzuii mwizi anayesubiri lipite, wala halimtulizi raia ambaye hakuliona. Katika mji wa Newark, doria ya miguu ilichunguzwa miaka ya 1978 na 1979, na taarifa yake ikatolewa mwaka 1981. Uhalifu wenyewe haukupungua kwa kiasi cha kuthibitishwa, lakini wakazi waliwatambua askari wao, hofu yao ikapungua, na maoni yao juu ya polisi yakawa mema zaidi. Miaka mingi baadaye, mwaka 2009, polisi wa Philadelphia wakishirikiana na watafiti wa chuo kikuu waliwapeleka askari wa miguu katika sehemu 60 zilizochaguliwa kwa wingi wa uhalifu wa kutumia nguvu. Uhalifu huo ulipungua kwa asilimia 23 ukilinganishwa na sehemu zisizokuwa na doria hiyo. Askari walipoondolewa, faida ilififia.

Mambo mawili yanajitokeza hapo. La kwanza ni kwamba askari anayeonekana na kusemeshwa ana thamani ambayo gari haliwezi kuileta. La pili ni kwamba doria hufanikiwa pale inapopelekwa mahali panapostahili na kudumishwa. Kikwazo cha doria ya miguu ni ufupi wa mwendo wake, na hapo ndipo baiskeli inapoingia.

Mwalimu yeyote wa hisabati anaweza kuwaonyesha wanafunzi wake hesabu ifuatayo. Askari anayetembea mwendo wa kilomita 4 kwa saa hufika umbali wa kilomita 1 kutoka kituoni kwa dakika 15. Akipanda baiskeli na kwenda kilomita 12 kwa saa, mwendo usiomchosha kijana mwenye afya, kwa dakika hizo hizo hufika kilomita 3. Umbali umekuwa mara tatu, lakini eneo analoweza kulifikia, likichukuliwa kuwa ni duara ambalo kituo kipo katikati yake, limekuwa mara tisa: kutoka kilomita za mraba 3 hivi hadi kama 28. Njia za mitaani hazinyooki kama mistari ya ubaoni, hata hivyo kanuni ni ile ile. Kituo kidogo chenye askari wachache na baiskeli nne kimejipatia eneo ambalo kwa miguu lingehitaji vituo kadhaa.

Kuzaliwa upya kwa doria ya baiskeli kulitokana na shida ya aina hiyo. Mwaka 1987 katikati ya mji wa Seattle, Marekani, palikuwa pamefungwa na ujenzi na msongamano, magari ya polisi yakawa yanakwama kama magari mengine. Askari Paul Grady aliwatazama matarishi wa baiskeli wakipenya pale ambapo magari yalisimama. Yeye na mwenzake Mike Miller wakaruhusiwa kuanza doria kwa baiskeli. Walichokipata ni zaidi ya wepesi wa kupenya. Baiskeli haina mngurumo, na muuzaji wa madawa ya kulevya aliyezoea kuisikia au kuiona gari ya polisi kutoka mbali alijikuta askari yuko mbele yake. Utaratibu huo ulienea katika miji mingi ya Marekani na nchi nyingine, hata chama cha kimataifa cha askari wa baiskeli kikaundwa katika miaka ya 1990, kikitoa mafunzo na kanuni za kazi hiyo.

Mfano wa Japani una uzito zaidi, kwa kuwa huko baiskeli haikuondoka kabisa. Vituo vidogo vya polisi viitwavyo koban, ambavyo chanzo chake ni mjini Tokyo mwaka 1874, vinazidi 6,000 kwa idadi, na vijijini viko vingine ambamo askari huishi pamoja na familia yake. Askari wa vituo hivyo huzunguka mtaani kwa miguu na kwa baiskeli, hutembelea nyumba na maduka, humwelekeza mgeni aliyepotea na kupokea vitu vilivyookotwa. Nchi hiyo ni tajiri na hutengeneza magari yanayouzwa dunia nzima. Haikosi fedha za kuwanunulia askari wake magari. Imeamua tu kwamba kwa kazi ya mtaani baiskeli inafaa zaidi. Singapore iliuchukua mfano wa vituo hivyo na kufungua chake cha kwanza mwaka 1983.

Kwa Tanzania jambo hili si geni katika shabaha yake. Tangu mwaka 2006, Jeshi la Polisi lilipoanza kuutilia mkazo mpango wa Polisi Jamii, imekuwa ikisemwa kwamba raia ndiye mshirika wa kwanza wa polisi, na askari wamepangiwa kazi katika kata ili wawe karibu na wananchi. Ukaribu, hata hivyo, hauletwi na waraka. Askari wa kata asiye na chombo atabaki ofisini kwa mtendaji, na mwenye gari atapita barabara kuu. Mwenye baiskeli ataingia uchochoroni, atapita kisimani, sokoni na nyuma ya shule. Atamsikia mwenyekiti wa mtaa akimwita kwa jina. Habari za mgeni asiyeeleweka, za nyumba inayouza bangi, za kijana aliyeanza kutembea na panga usiku, haziletwi kituoni na mtu anayeogopa kuonekana akiingia humo. Huelezwa njiani, kwa sauti ndogo, kwa askari aliyesimama kujaza upepo.

Zipo hoja za kupinga, na inafaa zijibiwe kwa haki. Inasemwa kwamba jambazi wa leo ana pikipiki na pengine bunduki, na askari wa baiskeli atamfanya nini? Ni kweli kwamba hatamfukuza na kumpata. Kazi hiyo ni ya gari, pikipiki na kikosi chenye silaha, na hapana mwenye busara anayedai vyombo hivyo vifutwe. Lakini uhalifu unaomsumbua mwananchi kila siku aghalabu ni wa kuvunja nyumba, kupora mkoba, kuiba kuku na mazao, na vurugu za vilabuni. Kuitengea kila zamu gari kwa ajili ya tukio kubwa linalotokea mara chache, na kuyaacha madogo yanayotokea kila usiku, ni kusahau kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Askari wa baiskeli akiwa na simu ya upepo, kama Vollmer alivyofahamu, anaweza kuliita gari hilo na kuliongoza hadi mahali penyewe.

Inasemwa pia kwamba nchi ni kubwa, mvua ni nyingi na milima ni mikali. Hoja hiyo ni sahihi kwa baadhi ya wilaya. Tarafa yenye vijiji vilivyoachana kwa kilomita 30 haiwezi kulindwa kwa baiskeli peke yake, na wakati wa masika udongo wa mfinyanzi huzuia kila gurudumu. Kwa hiyo baiskeli ipelekwe panapoifaa: katika miji na miji midogo, katika vitongoji vilivyosongamana, na katika nchi tambarare ambako wananchi wenyewe wamekwisha kuonyesha kwa matumizi yao ya kila siku kwamba chombo hicho kinafaa.

Hoja ya tatu ni ya hadhi, na huenda ndiyo inayotawala ingawa haisemwi waziwazi. Wapo wanaoona kuwa askari juu ya baiskeli hupungukiwa heshima. Lakini heshima ya polisi haikai katika injini ya gari. Inakaa katika mambo mawili: kufika anapohitajika, na kutenda haki akifika. Askari anayefika jasho likimtoka ana heshima kuliko asiyefika kwa kukosa dizeli.

Hata hivyo baiskeli haimgeuzi askari mbaya kuwa mwema. Mji ule ule wa Seattle uliozindua upya doria hii ulishuhudia mwezi Septemba 2020 askari akiipitisha baiskeli yake juu ya kichwa cha mwandamanaji aliyelala barabarani, na picha za kitendo hicho zikaonekana duniani kote. Mwaka huo huo msambazaji wa baiskeli za Fuji nchini Marekani alisimamisha kuwauzia polisi, baada ya baiskeli kuonekana zikitumiwa kuwasukuma na kuwapiga waandamanaji. Chombo kilichosifiwa kwa kumsogeza askari karibu na raia kiligeuzwa ngao na rungu. Basi ukaribu wenyewe unahitaji ulinzi. Askari anayezunguka mtaa mmoja anaweza kuwa rafiki wa wote, na anaweza pia kuwa mgeni wa kila siku wa muuza gongo. Kumhamisha kila baada ya miezi michache ni kuvunja faida ya kufahamika; kumwacha bila kumkagua ni kumtia majaribuni.

Kutokana na hayo, mpango wa doria ya baiskeli hauna budi kutimiza masharti kadhaa. Kwanza, askari wafundishwe. Kuendesha baiskeli hujulikana na wengi, lakini kuiendesha polepole katikati ya umati, kuruka chini na kumdhibiti mtu bila kuumia, na kusafiri usiku kwa usalama ni ujuzi unaofundishwa. Pili, askari wa baiskeli afanye kazi pamoja na mwenzake, awe na mawasiliano, taa, na namba inayosomeka ili raia aweze kumpongeza au kumshitaki. Tatu, kila zamu iwe na daftari la doria linaloonyesha alikopita na nani alizungumza naye, na mkuu wa kituo alisome daftari hilo na kulilinganisha na maneno ya wakazi.

Nne, matengenezo yapangwe tangu siku ya kwanza. Historia ya miradi mingi ni ya vyombo vilivyopokewa kwa hotuba na kuzikwa kimya kimya kwa kukosa tyubu, cheni na njiti. Baiskeli ina faida kwamba fundi wake yupo karibu kila kijiji. Kinachotakiwa ni kifungu kidogo cha fedha kisichohamishwa kwa matumizi mengine. Tano, afya ya askari itazamwe. Nchini Marekani, watafiti wa taasisi ya serikali ya usalama na afya kazini waliwachunguza askari 90 wa baiskeli, wengi wao wakilalamikia kufa ganzi kutokana na kiti. Walipotumia viti visivyo na pua kwa miezi sita, walio wengi walipata nafuu. Mambo kama hayo huonekana madogo kwa aliye ofisini, lakini ndiyo yanayoamua kama askari ataipenda kazi yake au ataiegemeza baiskeli ukutani.

Jukumu la jambo hili haliko kwa polisi peke yao. Watumishi wa umma ndio wanaotayarisha makisio ya fedha na kuketi katika kamati za maendeleo za kata. Walimu ndio wanaojua ni njia gani wanafunzi wanaiogopa, na saa ngapi. Kata moja ikianza na askari wanne na baiskeli nne, ikapima hali ya uhalifu na hofu ya wakazi kabla na baada ya mwaka mmoja, na kutangaza matokeo yake bila kuficha kasoro, itakuwa imelitendea Taifa jambo la maana kuliko ahadi nyingi za magari. Gharama yake ni ndogo, na ikishindikana hasara yake ni ndogo pia.

Mwananchi anayefunga mlango wake usiku haulizi polisi wake amekuja kwa chombo gani. Anauliza kama atakuja. Kila kiongozi mwenye dhamana ya usalama wa raia anawajibika kulijibu swali hilo kwa vitendo, kwa vyombo vilivyopo na fedha zilizopo, wala si kwa vile vinavyongojewa.